Koroboi Yangu na Koroboi ya Matano

Likoni, Jumatatu, 6 Mei 1946

Mvua tangu alfajiri. Makaa yamelowa, chuma cha kulehemu hakipati moto, na gunia nililotundika juu ya kichwa changu linavuja mahali palepale nilipopaziba juzi. Nimekaa na kopo mapajani. Fundi bati asiye na paa kazi yake ni kusubiri.

Leo habari imethibitishwa. Soko jipya karibu na feri limekwisha. Mabanda tisa, kuta za mawe, paa la bati. Moja tu ni la fundi bati. Mzee Tsuma, mwenyekiti wa kamati ya soko, ametangaza kwamba kamati itakaa Jumamosi ya tarehe kumi na nane, kila fundi alete kazi yake, na banda atapewa yule ambaye kazi ni yake kweli. Nikamuuliza kama maneno hayo yana maana ninayoifikiria. Akasema hajui ninafikiria nini, ila nisichelewe.

Mafundi bati wa hapa tuko wawili. Mimi, Gershom, mtu wa Rabai, niliyesoma misheni mpaka darasa la nne. Na Matano, mzaliwa wa papa hapa, anayekaa ng'ambo ya njia, hatua tano kutoka nilipo. Kazi yangu ni koroboi yenye kinga. Koroboi za watu wengine mwali uko wazi, upepo wa feri ukivuma mara moja giza. Yangu ina bati la nusu duara nyuma ya utambi, mwanga unakwenda mbele na upepo unagonga bati. Niliitoa mwaka arobaini na nne. Siku nane baadaye Matano naye alikuwa nazo kumi na mbili, zimepangwa kwenye mkeka.

Nalitaka banda lile, na si kwa fahari. Mvua za mwaka jana zilinikalisha bure wiki sita. Tena Pascalia, mke wangu, amelala na makopo ya jeshi tangu vita viishe. Nilipoyapata kwa wingi niliyaleta yote nyumbani. Yako chini ya kitanda, juu ya sanduku, nyuma ya mlango. Amesema mwisho wa mwezi huu ama makopo yatoke ama yeye atoke, na kwamba kwa mama yake Rabai hakuna makopo. Alisema kwa upole. Angepiga kelele nisingeogopa.


Jumanne, 7 Mei

Nimepata dawa. Alama.

Nimechukua msumari nikagonga vidoto, bila kutoboa, kwenye kitako cha kila koroboi, vikatokea herufi G. Gershom. Sasa mtu akinunua atajua amenunua kwa nani. Nimepiga ishirini na moja. Kidole gumba kimevimba.

Matano alinisalimu asubuhi kama kawaida yake, akaniuliza habari za mke, za mtoto, za Rabai, za mvua. Hana haraka mtu huyu. Akaniazima mkasi wake wa bati, maana wangu umekuwa butu. Nikaupokea. Sitaki wema wake, lakini bati halikatwi kwa meno.


Alhamisi, 9 Mei

Koroboi za Matano zina G.

Matano hasomi herufi za misheni, anasoma za Kiarabu. Alidhani ni ua. Alivuka njia kunipongeza, akasema ua langu zuri, ila kwa maoni yake shina lingeingia ndani kidogo. Lake limeingia ndani. Ni kweli linapendeza zaidi.

Kibaya zaidi: mpagazi mmoja wa feri amenirudishia koroboi inayovuja. Nikaigeuza. Si yangu, ni ya Matano, naijua lehemu yake. Nikamwambia si yangu. Akaniuliza, hili G basi ni la nani? Watu wawili wakasimama kusikiliza. Nikaitundika kwenye msumari pamoja na nyingine zinazosubiri kutengenezwa. Sipendi kutengeneza vya zamani. Koroboi iliyopona haiuzwi tena, na mtu anapokurudishia kitu hukutazama kama mgonjwa anavyomtazama mganga aliyeshindwa.

Lakini jioni hii nina shauri jingine. Nitamtegea. Kesho koroboi zangu zitakuwa na kibomba kidogo ubavuni, urefu wa kidole, kisicho na kazi yoyote. Hakitoi mafuta, hakitoi hewa. Nitakilehemu kwa makini sana mbele ya macho yake. Mtu akiniuliza ni cha nini, nitakohoa. Matano ataiga, atamaliza lehemu yake kwa upuuzi, na watu watamcheka. Mwiga tembo, wanasema, hupasuka msamba.


Ijumaa, 10 Mei

Bi Mwanasaumu, muuza mahamri wa feri, ndiye mteja wangu wa kwanza kila kitu kipya kinapotoka. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaichukua koroboi akaizungusha. Hakuuliza. Akatoa njiti za kibiriti kwenye fundo la leso yake akazitia ndani ya kibomba. Zikaenea sawasawa. Akasema wallahi siku nyingi alikuwa akitafuta pa kuwekea njiti, na akaniombea dua.

Kufikia adhuhuri kila mtu anataka koroboi ya njiti.

Matano alirudi kutoka sala ya Ijumaa akiwa amekwisha pata habari. Kabla ya alasiri alikuwa nazo sita. Na zake zina kifuniko, njiti zisilowe. Kifuniko. Sikukifikiria.

Nimeanza kutia vifuniko mimi pia. Hilo ni jambo jingine kabisa. Kibomba ni changu.


Jumapili, 12 Mei

Kanisani mchungaji alisoma amri ya kutoiba. Niligeuka kumtafuta Matano nione uso wake. Nikakumbuka kwamba Matano ni Mwislamu.

Mchungaji alisema kila mtu aukague moyo wake. Nimeukagua. Kuna jambo la kambini. Nilipokuwa nikiosha masufuria ya askari, kulikuwa na taa mlangoni mwa stoo yenye bati la nusu duara nyuma ya utambi. Niliitazama mara tatu. Mara ya nne niliipima kwa uzi. Lakini huko hakukuwa kuiga, kulikuwa kujifunza. Moyo wangu hauna neno.

Baada ya chakula Pascalia alitaka kutafuta kiatu cha mtoto chini ya kitanda. Mchana, lakini chini ya kitanda chetu hakuna mchana kwa sababu ya makopo. Akawasha koroboi yangu. Aliishika kwa mkono wa kulia, mwanga ukamwangukia tumboni. Akaihamishia mkono wa kushoto bila hata kufikiri, mwanga ukaenda mbele.

Nikamwambia asimame hapo hapo. Nikaichukua. Ni kweli. Kishikio kiko upande wa kushoto wa kinga. Ukiishika kwa mkono wa kulia, kinga inatangulia mbele na mwali unakugeukia wewe. Nilimuuliza tangu lini. Akasema, Baba Nyevu, tangu siku ya kwanza, kwani wewe hukujua?

Sikujua. Mimi ni mtu wa mkono wa kushoto. Mwalimu wa misheni alinichapa mpaka nikaandika kwa wa kulia, lakini nyundo hakuifikia. Nilipotengeneza ile ya kwanza niliiweka mkono wangu ulipopenda. Miaka miwili sasa Likoni nzima inashika taa kwa mkono wangu.


Jumatatu, 13 Mei

Nilivuka njia mapema nikajifanya nataka moto. Nikatazama koroboi za Matano. Zote kushoto. Na Matano anapiga nyundo kwa mkono wa kulia, anakula kwa wa kulia, anakuna mgongo kwa wa kulia. Hakuna sababu duniani ya mtu huyu kuweka kishikio kushoto isipokuwa moja. Ameiga mpaka mkono wangu.

Ushahidi! Nilifunga kazi nikaenda kwa Mzee Tsuma mbio, mvua juu yangu, na sikuisikia.

Nilimkuta barazani ananyolewa kichwa. Nikakaa nisubiri wembe utoke shingoni kwake. Wakati huo mpwa wake alileta kahawa, akampa kikombe kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na buli. Mzee Tsuma hakukipokea. Alimtazama tu. Yule mtu akaweka buli chini, akabadilisha mkono, akaomba radhi. Kisha Mzee Tsuma akaniuliza nina neno gani.

Neno langu lilikuwa hili: kwamba mimi ndiye niliyewafanya waungwana wote wa Likoni, Waislamu kwa Wakristo, washike nuru kwa mkono wa msalani. Na nina ushahidi.

Nikamwambia amenyolewa vizuri. Nikaondoka.

Nimefikiri njia nzima. Sasa naona wazi. Kishikio kihamie kulia. Taa yenye adabu. Itakuwa tofauti na ya Matano, na itakuwa sahihi, na Matano hataweza kuiiga kwa sababu hataiona mpaka Jumamosi. Nimetundika gunia la pili, mbele yangu.


Jumatano, 15 Mei

Bi Mwanasaumu alikuja kuchukua koroboi yake. Ilikuwa ikivuja kitako, na ilikaa kwenye msumari wangu tangu Jumamosi. Alinikumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba siku nne amekaanga mahamri alfajiri kwa kupapasa.

Lakini nilikuwa nimemwandalia zawadi. Nilipoziba kitako nilimhamishia kishikio kulia, bila malipo, kwa heshima ya umri wake. Nilimwomba asimwambie mtu.

Aliigeuza mara mbili. Akauliza mkono wa taa yake umekwenda wapi. Nikamweleza kwa upole habari za adabu, za kulia na kushoto. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, mwanangu, taa ikiwa mkono wa kulia, watu nitawapa mkono gani wakinisalimu? Na hamri nitalitoa kwa upi? Nikamwambia atazoea. Watu wazima hawapendi kitu kigeni, nalijua hilo.

Akasema haya. Akajitwika beseni lake akaenda.

Alasiri nilichungulia kwenye tundu la gunia. Amekaa kwenye kigoda cha Matano. Matano anagonga kitu, yeye anazungumza. Wamecheka. Bila shaka anamweleza siri yangu yote. Pascalia aliniletea wali na papa, na mimi papa ni chakula changu, lakini niliurudisha kama ulivyo.


Ijumaa, 17 Mei

Koroboi ya kesho iko tayari. Kishikio kulia. Kibomba, kifuniko, G. Nimeisugua kwa majivu na ndimu mpaka inaonyesha uso. Si uso wa kupendeza. Nina mifuko chini ya macho.

Matano alikuja kunipa mkasi kabla sijaomba. Akauliza gunia la mbele ni la nini. Nikasema jua. Mvua ilikuwa inamchuruzika puani. Akasema haya bwana Gershom, Mungu atupe heri sote wawili kesho, akarudi kwake. Sijui anapanga nini. Mtu hawi mwema hivi bure.

Nilimwonyesha Pascalia. Aliishika kwa mkono wa kulia, akatembea nayo mpaka mlangoni na kurudi. Akauliza, nikikutana na mtu njiani? Nikasema utaiweka chini, utamsalimu, utaiokota. Akauliza, kwenye matope? Nikamwambia hilo ni jambo dogo, na kwamba mambo makubwa hayafahamiki kwa kila mtu. Aliyatazama makopo, kisha sanduku la nguo lililo chini ya makopo. Akaniuliza kama nimesali.

Nimesali. Nimeomba paa tu. Wengine huomba mashamba.


Jumamosi, 18 Mei

Nitaandika kama ilivyokuwa. Sina nguvu ya kuipamba.

Kamati ilikaa ndani ya banda lenyewe. Mvua ilikuwa ikipiga juu ya bati, na ndani pakavu. Nilitaka kulia kwa kutamani. Walikuwa watano, Mzee Tsuma katikati, na kulia kwake Bi Mwanasaumu, kwa niaba ya wanawake wa soko. Sikujua kwamba yumo. Pascalia anasema aliniambia mwezi wa tatu.

Matano alileta koroboi. Koroboi tu, hata hakuisugua. Mimi nilifungua yangu kutoka kwenye leso, nikasimama, nikasema maneno niliyoyatunga siku tano. Kwamba mimi ndiye mwanzilishi. Kwamba kinga ni yangu, kibomba ni changu, ua ni herufi na herufi ni yangu. Kwamba wako watu ambao kazi yao ni macho. Wakati wote nikisema Matano alikuwa akiitikia kwa kichwa. Ilinichanganya.

Mzee Tsuma akawasha yangu. Akaishika kwa mkono wa kulia, akatoka nayo mpaka kizingitini upepo unapopita. Haikuzimika.

Hapo akapita mvuvi mmoja anayemfahamu, akampa salamu na kunyoosha mkono.

Mzee Tsuma si mtu wa kuacha mkono wa mwenziwe hewani. Aliihamishia koroboi kushoto ili atoe wa kulia. Kinga ikageuka mbele, mwali ukamgeukia yeye, na yeye alikuwa ameinama kidogo kwa heshima. Ndevu. Si nyingi, lakini harufu ilijaa banda zima. Bi Mwanasaumu alimwahi kidevuni kwa leso, kofi la haraka, na mvuvi akabaki na mkono wake pale pale.

Mzee Tsuma akakaa. Akaomba ile nyingine. Akaishika kushoto, akamsalimu mvuvi kwa kulia, mwanga ukawaangukia wote wawili usoni. Akampa aliye karibu naye. Naye akajaribu. Baada ya dakika kamati nzima ilikuwa imesimama, inapokezana koroboi ya Matano na kupeana mikono, kama siku ya Idi.

Nikapiga ukelele. Nikasema hiyo ni yangu. Kishikio cha kushoto ni changu mimi, mkono wa kushoto ni wangu, nikauinua wauone.

Mzee Tsuma aliuliza, ikiwa ya kushoto ni yangu, kwa nini nimeleta ya kulia. Nikasema kwa sababu ya kushoto ni mbaya. Akauliza kama ni mbaya kweli. Nikatazama watu wanavyosalimiana. Nikasema hapana. Akauliza, basi iliyo njema ni ya nani? Nikasema yangu. Na iliyomchoma? Nikasema hiyo pia yangu. Akashika kidevu.

Bi Mwanasaumu akaomba ruhusa aseme. Akasema yeye hamuonei mtu, na Mungu ni shahidi. Koroboi yake ilipoteza mkono kwangu Jumatano asubuhi, na ikarudishiwa kwa Matano Jumatano alasiri. Kwa hiyo amekwisha kuona kwa macho yake nani anaifahamu koroboi ya Likoni na nani anaiiga akakosea upande. Akaongeza kwamba ananipenda kama mwanawe. Hilo ndilo lililonimaliza.

Nimpe Matano haki yake. Alisimama akasema hapana wazee wangu, Bwana Gershom anasema kweli, mimi nimechukua kila kitu kwake, hata lile ua. Alisema wazi, mbele ya wote. Hawakumwamini. Mzee Tsuma akasema tazameni unyenyekevu. Wakampa banda.


Jumapili, 19 Mei

Sikwenda kanisani. Mvua.

Pascalia ameshusha makopo kutoka juu ya sanduku, ametoa nguo, amezikunja upya moja moja. Nilimuuliza anakunja nini. Akasema nguo. Nampenda mke wangu, na sikumwambia, maana nilikuwa nimeketi juu ya makopo na ingesikika vibaya.


Jumanne, 21 Mei

Matano amekuja nyumbani. Alikaribishwa, akakaa, akauliza habari za mke, za mtoto, za Rabai, za mvua. Chai ikapoa. Mwisho akasema banda ni pana mno kwa mtu mmoja. Nyundo mbili zinaenea. Yeye atachukua vya kutengeneza, mimi nikae nibuni, maana bila mimi hajui atatengeneza nini mwezi ujao. Tena huko nyuma pana stoo, makopo yataenea yote.

Nilimwambia nitalifikiria. Kuna heshima ya mtu. Kuna mambo ya kupima, nani atakaa upande gani, nani ataonekana kwanza na wateja.

Nilipokuwa nikiyapima, Pascalia alikuwa amekwisha kuita mkokoteni. Makopo yalikuwa yakitoka mlangoni na Matano ndiye aliyeyabeba ya mwisho.

Chumba kimekuwa kikubwa. Sauti zinarudi. Pascalia alifagia chini ya kitanda akiimba, na lile sanduku la nguo amelisukuma mahali pake pa zamani.


Jumatatu, 27 Mei

Siku ya tano chini ya paa. Mvua inapiga na mimi sisikii chochote kichwani. Makaa yanashika mara moja. Bi Mwanasaumu hupita asubuhi na kutuachia hamri moja kila mtu, kwa mkono wa kulia, koroboi yake iko kushoto. Leo Pascalia alileta chakula cha watu wawili, akakaa akacheka na Matano. Nilikuwa na furaha. Nakiri. Nusu siku nzima.

Kisha nikaona Matano anachotengeneza.

Ni seredani, jiko la makaa. Lakini chini ya makaa ameweka kisanduku cha bati kinachovutwa mbele, jivu linaangukia humo, unalitoa bila kuteremsha chungu. Sijawahi kuona kitu cha namna hii Likoni, wala kambini, wala Rabai. Nilimuuliza amekiona wapi. Akasema hakukiona popote, amemfikiria mama yake tu, mgongo unamuuma akiinama kuzoa jivu. Akataka maoni yangu. Nikasema si mbaya.

Saa sita nilitundika gunia katikati ya banda, kati yake na mimi. Nilimwambia ni upepo. Kuta ni za mawe. Akasema haya.

Alipokwenda kusali adhuhuri nilipita chini ya gunia nikaipima kwa uzi. Huko si kuiga. Urefu, upana, kina cha kisanduku, nimeviandika vyote nyuma ya daftari hili. Nimegundua na kosa lake, kosa kubwa sana: kishikio cha kisanduku amekiweka katikati, kila mkono ukifikie. Hajifunzi mtu huyu. Kamati nzima ilisimama mbele yake ikamwonyesha kwamba watu wa Likoni wanapenda kushoto.

Yangu itakuwa kushoto. Nitaipigia G tatu. Nitaitoa Jumamosi, kabla ya yake.

Matano aliporudi kutoka msikitini nilimwomba mkasi. Akanipa, akaniuliza kama unakata vizuri, maana ameunoa jana kwa ajili yangu.